Aliyetwaa Ndiye Arejeshaye

Wilaya ya Mkalama ina umri mdogo na jina kuukuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga boma Mkalama, kituo cha kuwatawala Wanyiramba, Wanyisanzu na Wahadzabe, chini ya mkubwa wao aliyekaa Kondoa-Irangi. Waingereza walipoitwaa nchi, Kiomboi ikawa makao ya Iramba na Mkalama ikabaki kijiji. Mwaka 2012 Iramba ilipogawanywa, wilaya mpya ikapewa jina la boma la kale. Makao yake, hata hivyo, hayakupelekwa kwenye boma bali Nduguti. Kilichorudi ni jina peke yake, na naona huo ni mfano mzuri wa kuanzia, kwa sababu katika historia ya nchi hii kitu kinachosemwa kuwa kimerejeshwa hurudi kikiwa na kiti kingine, mwenyewe mwingine, au vyote viwili.

Kinyangiri ni kata ya wilaya hiyo, na pia ni jina la moja ya tarafa zake, pamoja na Nduguti na Kirumi. Si mahali pa vitabuni. Ni nchi ya wakulima wafugaji, ya alizeti, mtama na vitunguu. Lakini mtu aliyezaliwa Kinyangiri mwaka 1950, akaishi hapo hapo bila kuhama mkoa, ameona mambo mengi yakitwaliwa na kurejeshwa kuliko msafiri wa mbali: mtemi, halmashauri, ushirika, kodi, ada ya shule, shamba la baba yake, vyama vya siasa, na sasa hata majani ya malisho. Makala hii inafuata kitenzi *kurejesha* katika mambo hayo, ili kuona nani amekuwa na ruhusa ya kukitumia na kwa faida ya nani.

Kwanza maneno yenyewe, kwa ufupi. *Rudi* na *rejea* yote mawili yametoka Kiarabu, na waandishi wa kamusi za zamani waliandika pia *regea*. Yamegawana kazi bila kupangiwa na mtu. Rudi ni la nyumbani na njiani: ng'ombe wamerudi, chenji imerudishwa. Lina pia ukali wake, maana kumrudi mtoto ni kumwadhibu. Rejea limekaa zaidi msikitini, mahakamani na ofisini. Muislamu akifiwa hukumbushwa kwa Kiarabu kwamba sisi ni wa Mungu na kwake ni wenye kurejea. Mume aliyetoa talaka rejea ana muda wa eda kumrejea mkewe. Mwanachuoni huweka marejeo mwishoni mwa kitabu. Mabaharia wa pwani nao waliliweka kwenye methali yao: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo ina ukatili fulani unaosahaulika shuleni inapotolewa kama mapambo. Ngama ni chini kabisa mwa chombo, mahali pa maji machafu na uvundo. Kurejea, kwa baharia, hakukuwa lazima kuwa habari njema.

Barani, kabla ya ofisi kuja, mfano mkubwa wa kurudisha ulikuwa mahari. Ndoa ikivunjika wazee walikaa kuhesabu ng'ombe. Serikali ya Uhuru ilipoamua kuziandika mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, kazi iliyotokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa Hans Cory wakati wa Waingereza, kanuni zikatoka katika Tangazo la Serikali namba 279 la 1963, na kurudishwa kwa mahari kukapewa nafasi yake. Hesabu haikuwa ya ng'ombe kwa ng'ombe. Aliangaliwa nani mwenye kosa, na kama kuna watoto waliozaliwa. Wazee wale walijua jambo ambalo wanasheria wa serikali walichelewa kulijua, kwamba muda ukishapita juu ya kitu, hakirudi kama kilivyotoka, na lazima pawe na mtu wa kupima tofauti.

Mwaka huo huo wa 1963 sheria ilifuta mamlaka ya watemi. Kwa Kinyangiri na majirani zake pigo hilo halikuwa la namna moja. Isanzu, katika tarafa ya Kirumi ya leo, mtemi alikuwa kwanza mtu wa mvua, na Waingereza ndio waliomgeuza kuwa karani wa kodi baada ya sheria yao ya 1926 ya mamlaka za wenyeji. Sheria ya 1963 ilifuta ukarani. Mvua haikuweza kuifuta, kwa hiyo matambiko ya mvua ya Isanzu yakaendelea kwa miongo mingi, pamoja na ngoma za wanawake pale mvua inapogoma. Watafiti wa miaka ya 1990 waliyakuta hai. Huko Kirumi hakukuwa na cha kurejesha, kwa kuwa kilichotwaliwa kilikuwa kile tu ambacho serikali iliyotangulia ilikipachika.

Tangu Septemba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotawazwa Chifu Hangaya katika mkutano wa machifu mkoani Mwanza, tumesikia sana habari ya kurejesha heshima ya machifu. Heshima imerejeshwa kwa mavazi, kwa viti vya mbele na kwa matamasha. Mahakama zao na hazina zao hazikutajwa, na sidhani kuna aliyetarajia zitajwe.

Jambo lililoacha alama kubwa zaidi vijijini ni halmashauri. Halmashauri za wilaya ndizo zilizoshika kazi za watemi baada ya Uhuru: barabara za vumbi, shule za msingi, zahanati, ushuru wa minada. Zilikuwa maskini na nyingine zilikula fedha, lakini diwani alikuwa mtu unayemjua. Mwaka 1972, kwa mpango ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, zikafutwa. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani, na jina hilo lastahili kutazamwa mara mbili. Madaraka yalikwenda mkoani kweli, ila yalibebwa na maofisa wa serikali kuu, na mwananchi aliyekuwa na diwani akabaki na mkurugenzi wa maendeleo aliyeteuliwa. Miaka minne baadaye, Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa kwa tamko. Mahindi na mtama vikawa mali ya kununuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, na mbegu za mafuta zikapitia GAPEX. Mkulima wa alizeti wa Kinyangiri, ambaye jana alikuwa mwanachama wa chama cha msingi, akawa mtu wa kusubiri lori.

Yote mawili yalirudi. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa 1982, na sheria namba 7 ya mwaka huo huo ikaunda upya mamlaka za wilaya, zilizoanza kazi Januari 1984. Katika mahojiano ya 1984 na jarida moja la Uingereza, Mwalimu Nyerere alisema kwamba kama angeanza tena, mambo mawili asingeyafanya: kuzifuta serikali za mitaa na kuuvunja ushirika. Sijui kiongozi mwingine wa kizazi chake aliyelisema hilo waziwazi akiwa bado Ikulu. Kwa kawaida kitenzi kurejesha hufanya kazi ya kuficha. Anayesema "tumerejesha" hujitokeza kama mtoaji, na swali la nani alitwaa linamezwa na makofi. Mwalimu alilitamka swali na kulijibu.

Na bado, kilichorudi 1984 hakikuwa kilichoondoka 1972. Walimu, wauguzi na maofisa ugani walibaki kuwa wa serikali kuu kwa mshahara na kwa utii, na mkurugenzi akaendelea kuteuliwa kutoka juu. Ushirika ulirudi ukiwa chini ya chama kimoja, ukakuta majengo yake yamechakaa na madeni ya mashirika yamegeuka kuwa yake. Soko lilipoachiwa huru miaka ya 1990, wachuuzi wa alizeti waliingia vijijini na fedha mkononi, na vyama vikuu vingi nchini havikuinuka tena. Hao wachuuzi wametukanwa vya kutosha na wanasiasa. Mkulima aliyelipwa siku hiyo hiyo ana kumbukumbu tofauti.

Halmashauri zilirudi na mwenzao ambaye hakutangazwa kwa jina lake. Kodi ya kichwa, mrithi wa ile kodi ya nyumba ya Wajerumani, ilifutwa 1969, ikawa ni moja ya mambo machache ambayo kila mwanaume wa kijijini aliyaelewa bila kuelezwa. Halmashauri mpya zilihitaji mapato, na mapato yakatoka pale pale pa zamani, safari hii kwa jina la kodi ya maendeleo. Mgambo wakarudi njiani, vijana wakarudi kulala porini msimu wa kukusanya, hadi ilipofutwa 2003. Tafuta hotuba za miaka ya 1980 uone kama kuna aliyesema "tunarejesha kodi ya kichwa". Kodi ilianzishwa, haikurejeshwa.

Hapa ndipo ninapoona tabia halisi ya neno hili katika lugha ya utawala. Kinachopendwa hurejeshwa, na kinachochukiwa huanzishwa, huboreshwa, au hupewa sura ya hiari. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 1973. Miaka ya 1980, uchumi ulipobana, malipo yalirudi kwa mlango wa "kuchangia", na kuanzia 1993 hospitali zikafuata kwa kitenzi hicho hicho. Kuchangia! Neno la harusi na msiba, la jirani anayeleta debe la mahindi bila kuombwa, likapewa kazi ya kumdai mgonjwa kabla hajaonana na daktari. Ada hizo zilipofutwa tena shule za msingi mwaka 2001, na sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, elimu bila malipo ikapokelewa kama zawadi mpya, na wachache walikumbuka kuiita jambo lililorudi. Hali kadhalika vyama vingi. Vilipigwa marufuku kisheria 1965, vikaruhusiwa tena Julai 1992, na hapo neno kurejeshwa likatumika bila haya, kwani watu walioshangilia walikuwa wengi. Lakini tume iliyozunguka nchi nzima kuuliza maoni, ile ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikuta kama wanne kati ya watano wakisema wanataka chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri mfumo urudi hata hivyo, na pamoja na hilo ikataja sheria arobaini za kurekebishwa au kufutwa, ambazo nyingi hazikuguswa upesi.

Jaji Nyalali anarudi tena katika habari hii, na safari hii kwa sababu ya mashamba.

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, si hiari tena, na kufikia 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa. Mkoa wa Singida, ambao watu wake walikaa kwa kutawanyika, kila familia na tembe lake na mashamba yake kulizunguka, ulihisi sana kishindo cha Operesheni Vijiji. Ukitembea leo nje ya vijiji vya mkoa huu utayajua mahame kwa minyaa iliyozeeka ikiwa mstari ulionyooka mahali pasipo na nyumba, na kwa jiwe la kusagia lililoachwa kwa sababu halikubebeka. Hame si pori. Lina mwenyewe, lina makaburi, lina udongo uliorutubishwa na samadi ya miaka. Miaka ya 1980 amri ilipolegea, watu wakaanza kuyarudia mahame yao kimya kimya, mmoja mmoja, kwanza kwa kulima na baadaye kwa kujenga. Wengi walimkuta mtu mwingine akiwa hapo, aliyepewa na kamati ya kijiji.

Ugomvi huo ulifika mahakamani kila kona ya nchi, lakini uliobeba jina la wote ulitoka ng'ambo ya Ziwa Eyasi, kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, wakati huo wilaya ya Mbulu na siku hizi Karatu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walidai shamba lao la kimila katika mahakama ya hakimu mkazi Arusha na wakashinda Januari 1987. Waliokuwa wakilikalia wakaondolewa, baba na mwana wakaingia. Rufaa ikakatwa. Rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, Bunge likatunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vya operesheni, ikakataza fidia, ikazinyima mahakama uwezo wa kusikiliza mashauri hayo, ikakatisha yaliyokuwa yakiendelea, na ikazuia hata hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Fikiria maana yake kwa mzee aliyekwisha kurejeshewa. Kilichotwaliwa kwa lori wakati wa operesheni, kikarudi kwa hukumu mwaka 1987, kinatwaliwa tena kwa karatasi, na mlango wa mahakama unapigwa kufuli nyuma yake. Hawakukubali. Mahakama Kuu Arusha iliwaunga mkono, Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Nyalali akiwa miongoni mwa majaji, ikaamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali kama mali nyingine. Inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba na haiwezi kunyang'anywa bila fidia ya haki, wala Bunge haliwezi kumfungia raia mlango wa mahakama. Vifungu vikuu vya sheria ile vikaanguka.

Uamuzi huo husomeshwa vyuoni kama ushindi wa mila. Mimi nauona zaidi kama ushindi wa kalenda. Uliwaokoa waliokuwa wamewahi kushtaki. Kwa maelfu waliokuwa wakisubiri kijijini, suluhu ilikuja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ambayo kimsingi ilithibitisha ugawaji uliofanywa na vijiji wakati wa operesheni. Yaani nchi ilichagua: hame libaki kwa aliyepewa. Huenda hakukuwa na njia nyingine iliyokuwa na amani. Wazee wa mahari wangelikaa siku nyingi juu ya jambo kama hilo, wakatafuta walau mbuzi wa kumpooza aliyepoteza.

Kuna urejeshaji ambao umevuma zaidi, ule wa mifupa, na si wa mbali na Mkalama kama inavyodhaniwa. Ludwig Kohl-Larsen, Mjerumani aliyefanya safari za utafiti kuzunguka Ziwa Eyasi miaka ya 1930, alikusanya vipande vya fuvu la binadamu wa kale mwaka 1935 na kuvipeleka kwao, pamoja na hadithi nyingi alizosimuliwa na Wanyisanzu na Wahadzabe ambazo alizichapisha kwa Kijerumani. Hadithi hizo ni mali iliyohama bila kuondoka. Msimulizi alibaki nayo, na msomaji wa Kijerumani akawa nayo pia. Fuvu haliwezi hivyo.

Fuvu lililorudi kwa vishindo ni la Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa 1919 iliiamuru Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza ndani ya miezi sita, sentensi moja baada ya kuamuru Kurani ya Khalifa Uthman irudishwe kwa mfalme wa Hejaz. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu kama elfu mbili, akapunguza kwa vipimo vya kichwa vilivyolinganishwa na vya jamaa wa Mkwawa, akachagua moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Mtemi Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Mashaka kama hilo ndilo fuvu lenyewe hayajaisha, na Wahehe hawaonekani kujali sana. Tazama tarehe, lakini. Kenya ilikuwa katikati ya vita vya Mau Mau, na gavana alihitaji machifu wenye shukrani. Siku kumi na nane baadaye, tarehe 7 Julai, TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Twining alirejesha kilichotwaliwa na Wajerumani, na kwa hiyo aliweza kukaa upande wa mtoaji bila deni. Mwaka 1965 fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai 1959 na kuhifadhiwa Nairobi, lilikabidhiwa Tanzania bila nyimbo za vita, kwa sababu hakuna mtu anayedai ukoo na mwenye umri wa karibu miaka milioni mbili.

Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea Novemba 2023, akaomba radhi kwa mauaji ya Majimaji na kuahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, jambo lilikuwa jingine, kwa sababu aliyesimama pale ni wa upande uliotwaa. Hapo hakuna pa kujificha nyuma ya kitenzi.

Wakati mwingine kinachorejeshwa ni watu, na hapo neno huwa zito kuliko kote. Desemba 1996 karibu nusu milioni ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Ngara na Karagwe waliambiwa wawe wameondoka ifikapo mwisho wa mwaka. Lugha rasmi ilisema wanarejea kwa hiari. Waliojaribu kukimbilia upande mwingine walizuiwa na askari na kugeuzwa. Kati ya kurejea na kurejeshwa kuna silabi moja, na katika silabi hiyo kulikuwa na bunduki.

Ila mtu wa Kinyangiri ukimtajia neno hili leo asubuhi, hatafikiri Versailles wala Ngara. Atafikiri marejesho. Neno hili la wingi, lisilo na umoja unaosikika kijijini, limetoka benki likaingia kwenye vikundi vya kina mama na sasa lina siku yake ya wiki. Kwenye VICOBA siku ya marejesho ni siku ya kuonana ana kwa ana: aliyeleta anatajwa, asiyeleta anatajwa zaidi. Kwa mhitimu wa chuo ni mstari kwenye hati ya mshahara. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya 2004 ilipofanyiwa marekebisho 2016, makato yakapanda kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15, na vijana wakagundua kwamba kile walichokiita bumu kilikuwa deni tangu mwanzo. Halmashauri nazo, kwa sheria ya 2018, hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu marejesho hayakuja na vikundi vingine havikuwapo kabisa, kisha 2024 ikarejeshwa. Nimelisoma tangazo hilo kwa tabasamu: serikali imerejesha mikopo ambayo haikurejeshwa.

Maana iliyo changa kuliko zote ni ya ardhi yenyewe. Mkalama ilichaguliwa pamoja na Kondoa, Nzega, Magu na Micheweni ya Pemba katika mradi wa Ofisi ya Makamu wa Rais, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia IFAD, wa kurejesha ardhi iliyoharibika na kuongeza usalama wa chakula katika maeneo kame. Dunia nzima imeingia mkumbo huu. Umoja wa Mataifa umeipa kazi hiyo muongo mzima, 2021 hadi 2030, na Tanzania iliahidi 2018 kurejesha uoto kwenye hekta milioni 5.2. Lakini kanda ya kati ilikuwa imekwisha kujaribu kabla ya ahadi. Mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulianza Dodoma 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikafukuzwa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na makorongo, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zilirudi na makorongo yakapona. Wenye ng'ombe hawakuulizwa, na kwao mradi wa kurejesha ulikuwa mradi wa kutwaliwa.

Shinyanga walijifunza kutokana na hilo. Kule miti ilikuwa imefyekwa tangu wakati wa Waingereza ili kuua mbung'o, kisha ikafyekwa zaidi kwa pamba. Mradi wa HASHI ulioanza 1986 haukuleta miche mingi. Uliwarudishia Wasukuma neno lao, ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa masika ili lije kuliwa kiangazi, na kuacha kila kaya na kila kijiji kifunge chake. Hadi mradi unakwisha 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefungwa katika vijiji zaidi ya 800. Siku hizi mbinu inayohubiriwa Dodoma na Singida ni kisiki hai, nayo ni nyepesi kuliko jina lake. Shamba lililofyekwa bado lina mizizi hai chini. Unachagua visiki, katika kila kisiki unabakiza machipukizi machache yaliyonyooka, unapogolea mengine, unaweka alama, unazuia mbuzi. Mti ukishakuwa na mizizi ya miaka thelathini haungojei ruhusa ya mvua ya kwanza.

Kinachofuata baada ya majani kurudi ndicho ambacho vipeperushi havikielezi vizuri. Shinyanga, ngitili zilipoanza kuwa na nyasi ndefu na kuni, zilianza kuwa na bei. Wenye ardhi nyingi walifunga eneo kubwa wakakodisha malisho na kuuza majani ya kuezekea. Mwenye ng'ombe wawili asiye na ngitili, ambaye zamani alichunga popote kwa sababu hapakuwa na cha kugombania, akajikuta analipa au anavizia usiku. Kwenye ngitili za kijiji, serikali ya kijiji ndiyo iliyopanga nani aingie, lini na kwa shilingi ngapi, na sheria ndogo zikaweka faini. Maswali hayo hayo yanasubiri kila mahali ambapo visiki vinachipua, Mkalama ikiwamo: majani yaliyorejea kwenye hame ni ya aliyehamishwa, ya aliyepewa na kijiji, au ya aliyekaa miaka mitano akiwafukuza mbuzi?